Uzi: Tukihamia programu huria, siku ikizima saa nane usiku tumshike nani shati?

Fundi wa Zamu (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Niko kitengo cha TEHAMA kwenye kampuni kubwa hapa Dar, wafanyakazi zaidi ya elfu mbili, matawi karibu kila mkoa. Tangu nilipoajiriwa, hifadhidata yetu kuu iko kwenye programu ya kulipia. Mwaka huu bei ya kuhuisha leseni imepanda mpaka mkurugenzi wa fedha akatuita mwenyewe, akauliza kama kuna njia nyingine. Tukaandika andiko la kuhamia PostgreSQL, hifadhidata huria, yaani msimbo wake uko wazi kwa kila mtu na haina leseni ya kulipia. Tumeijaribu miezi minne kwenye mfumo wa stoo na imetulia vizuri.

Juzi andiko likaingia kamati ya menejimenti. Nilijiandaa kwa maswali ya kasi na usalama, hayakuulizwa. Likaulizwa moja tu, na aliyeuliza ni mama mmoja wa fedha ninayemheshimu sana: "Ikizima saa nane usiku, kesho yake mishahara, tunampigia nani? Tunamshika nani shati?"

Nikajibu kwamba kuna jumuiya ya wataalamu dunia nzima, unaandika tatizo lako wanakusaidia. Nilipomaliza tu kusema nikaona nimelipoteza. Andiko likarudi, tumepewa wiki tatu tulete jibu la maana.

Swali ni la haki, sina kinyongo nalo. Mshahara wa watu elfu mbili huwezi kuuegemeza kwenye hisani ya mtu usiyemjua. Ila pia najua moyoni kwamba huyo tunayemlipa sasa hivi, siku ya shida hatujawahi kumshika shati likashikika. Waliopita njia hii kwenye taasisi kubwa, naomba mnipe uzoefu. Mliwajibu nini wakubwa?

Binti Manunuzi

Mkuu, mimi si mtu wa kompyuta, niko manunuzi mwaka wa kumi na moja sasa. Nikuambie kitu ambacho watu wa TEHAMA hamkioni mpaka zabuni ife mezani.

Fomu zetu nyingi zimeandikwa kwa ajili ya bidhaa yenye kiwanda. Kuna kipengele kinachodai barua ya idhini kutoka kwa mtengenezaji, kwamba huyu mzabuni ni wakala halali. Kwa mashine ya kuchapia au jenereta ni sawa kabisa. Sasa PostgreSQL barua hiyo iandikwe na nani? Nimeshuhudia zabuni ambayo kampuni yenye vijana wazuri sana iliondolewa hatua ya kwanza kwa kukosa barua ambayo hakuna mtu duniani angeweza kuisaini. Akabaki mzabuni wa programu ya kulipia peke yake, kwa bei aliyoitaka.

Kwa hiyo usiiandike kama ununuzi wa programu. Programu unayo tayari, ni ya bure kuipakua. Unachonunua ni huduma: kusimika, kutunza, kuitika simu usiku. Iingize kama zabuni ya huduma, vigezo viwe uzoefu wa watu watakaofanya kazi, wasifu wao, kazi walizomaliza na muda wa kuitika. Hapo mtu wa kumshika shati anapatikana, na mkataba unamfunga kwa sheria zetu hapa hapa.

Mkaguzi Mwandamizi

Naomba nitofautiane kidogo, kwa nia njema.

Nimekagua mifumo miaka mingi. Wenzetu wa TEHAMA mkisikia "huria" mnaona akiba, mimi naona hatari iliyohama kutoka kwa muuzaji kuja kwetu. Someni leseni zenyewe. Karibu zote zinasema programu inatolewa kama ilivyo, bila dhamana ya aina yoyote. Mmeshaambiwa mapema.

Mnakumbuka Desemba 2021? Log4j, kipande kidogo cha Java cha kuandikia kumbukumbu za matukio, kikakutwa na tundu lililopewa alama 10 kwa 10 za ubaya. Kilikuwa kinatunzwa na watu wachache wa Apache, wengi wakijitolea baada ya kazi zao za mchana. Mwezi ule ule yakatoka matoleo manne ya kurekebisha, 2.15.0 mpaka 2.17.1, kwa sababu kiraka cha kwanza hakikutosha. Sisi tulikesha Krismasi tukitafuta tu kilipo. Hakuna aliyekuwa na orodha. Na hakuna mkataba hata mmoja tungeweza kuunyooshea kidole.

Huyo mama wa fedha yuko sahihi. Bodi hainunui programu, inanunua usingizi.

Mlezi wa Data

Mkaguzi, salaam. Kuhusu Log4j nakubaliana na wewe nusu, nusu ya pili naona imeachwa njiani.

Kipande kile kilikuwa kimejaa pia ndani ya programu za kulipia. Mwezi ule mimi nilikuwa na mifumo ya aina zote mbili. Ile ya huria tuliifungua, tukatazama, tukaona faili la Log4j lilipo, tukabadilisha. Mmoja wa wauzaji wetu wa kulipia alituandikia barua kwamba "analifanyia kazi", tukakaa wiki mbili tukiwa uchi, na kwa mkataba hatukuruhusiwa hata kufungua mfumo wake kuangalia ndani. Mkataba tulikuwa nao. Shati tulilishika. Tundu likabaki wazi.

Na hilo la dhamana, chukua mkataba wowote wa programu ya kulipia, ruka mpaka kipengele cha ukomo wa fidia. Mara nyingi utakuta kiwango cha juu ni kile ulicholipa, na hasara za biashara iliyosimama hazimo. Tarehe 19 Julai 2024, sasisho moja la CrowdStrike, kampuni ya programu za usalama wa kompyuta, lilizima mashine za Windows zipatazo milioni 8.5, viwanja vya ndege vikasimama, hospitali zikaahirisha huduma. Hiyo si programu huria, na wateja walikuwa wamelipia kila kitu. Waliolala kwenye sakafu za viwanja vya ndege usiku ule hawakuwa na nafuu kwa sababu ya saini.

Sisemi mkataba hauna maana. Nasema mkataba unamleta mtu kwenye simu. Kama huyo mtu anaweza kutengeneza au hawezi, hilo ni jambo lingine, na ndilo la kupima.

Fundi wa Zamu (mleta mada)

Mlezi, umenigusa. Nisimulie siku mbili, muone kwa nini niliandika kwamba shati halishikiki.

Ya kwanza ni miaka mitatu nyuma, kwenye hifadhidata yetu ya kulipia. Ikaganda saa tisa usiku. Nikafungua tiketi ya kuomba msaada kwa muuzaji, ya daraja la juu kabisa, lile tunalolilipia zaidi. Akaja wa kwanza, akaomba kumbukumbu za mfumo. Nikatuma. Zamu yake ikaisha, akaja wa bara lingine, akaomba zile zile. Nikatuma tena. Akaja wa tatu. Kila mmoja mpole, kila mmoja anaanza upya. Tulisimama siku nzima na nusu. Jibu la mwisho likaja siku ya tatu: hamieni toleo jipya. Tulikuwa tumeshajinusuru wenyewe kwa kurejesha nakala ya akiba.

Ya pili ni mwezi wa pili wa majaribio ya PostgreSQL. Seva kuu ya stoo ikasimama, diski imejaa pomoni. Hatukuelewa, maana data yenyewe ni ndogo. Tuliposoma tukagundua kosa letu: tulikuwa na seva pacha ya majaribio, tukaiondoa bila kufuta usajili wake kwenye seva kuu. Ile kuu ikaendelea kuweka kumbukumbu ya kila badiliko, inamsubiri pacha ambaye hayupo, mpaka diski ikaisha. Nyaraka zimeeleza jambo hili wazi, hata kipimo cha kuweka kikomo kipo tangu toleo la 13. Tukafuta usajili, tukapata nafasi, tukainua. Yote ilituchukua muda wa saa mbili kasoro.

Mnisikie vizuri. Ile ya pili ilikuwa uzembe wetu, na bila kijana mmoja kwenye timu aliyekuwa amesoma sana tungeweza kufuta faili zisizofutwa na kupoteza kila kitu. Wapo watu hufanya hivyo hivyo wakiona diski imejaa. Kwa hiyo sijui kama nawapa menejimenti ushindi au onyo.

Wa Pwani

Wapi wadau, nawasalimu kutoka Mombasa.

Ningependa kuongeza jambo ambalo lilituchoma sisi. Watu husema "programu huria" kana kwamba ni kabila moja. Sivyo. Uliza kwanza mwenyewe ni nani.

Tulikuwa na seva nyingi za CentOS 8, mfumo endeshi wa aina ya Linux. Tuliichagua kwa sababu tuliambiwa itatunzwa hadi 2029, nasi tukapanga bajeti zetu hivyo. Tarehe 8 Desemba 2020 Red Hat, kampuni iliyoisimamia, wakatangaza kwamba CentOS 8 itafika mwisho Desemba 2021. Miaka minane ikawa mmoja, kwa tangazo moja. Programu ilikuwa huria kabisa, lakini usukani ulikuwa mkononi mwa kampuni moja.

Ila angalia kilichofuata. Mmoja wa waanzilishi wa CentOS akaanzisha Rocky Linux, na CloudLinux wakaleta AlmaLinux. Kufikia katikati ya 2021 zote mbili zilikuwa tayari, na sisi tulihamisha seva zetu kwa hati fupi ya amri, bila kuziandika upya. Uchungu ulikuwepo, sitadanganya, tulipoteza miezi. Lakini mlango wa kutokea ulikuwepo. Linganisha na majirani zetu waliokuwa kwenye VMware, programu ya kulipia ya kugawa seva moja kuwa nyingi, wakati kampuni ya Broadcom ilipoinunua Novemba 2023, wakaacha kuuza leseni za kudumu. Huko hakuna wa kukutolea tawi jingine, yaani kuchukua msimbo ule ule na kuuendeleza kwa jina lake. Ni ulipe au ubomoe.

Visa vya aina hii ni vingi. Elasticsearch ilibadilisha leseni 2021, likachipuka tawi la OpenSearch. Terraform ikafuata Agosti 2023, ikazaliwa OpenTofu. Redis Machi 2024, ikazaliwa Valkey. Kila mara ni kampuni moja yenye usukani ndiyo iliyogeuka. PostgreSQL haina mwenyewe wa namna hiyo. Hata ile kamati yao ya msingi ina makubaliano kwamba kampuni moja isiwe na zaidi ya nusu ya viti. Mwaka 2020 EDB waliponunua 2ndQuadrant, zote kampuni zenye watu kwenye kamati hiyo, na uwiano ukazidi, waliongeza watu wengine ili kurudisha mizani. Hilo kwangu lina uzito kuliko brosha yoyote. Ndugu mleta mada, andika hilo kwenye andiko lako.

Kijana wa Morogoro

Wakuu shikamooni. Naomba kuuliza: si mngemuajiri mtu mmoja tu anayeijua PostgreSQL vizuri, akae ndani, yaishe? Mbona mkataba tena?

Mlezi wa Data

Marahaba mdogo wangu. Swali zuri, na wengi hufanya hivyo hivyo. Mtu mmoja huugua, huoa, huhamia benki nyingine kwa mshahara mara mbili. Nimeona taasisi ambayo mfumo wake wote ulikuwa kichwani mwa kaka mmoja. Alipoondoka, neno la siri la seva ya akiba lilipatikana kwenye daftari lake, kwa bahati.

Na hili si la kwetu tu. Lilikuwa chanzo cha jambo la kutisha kuliko yote niliyoyaona. Machi 2024, kwenye xz, programu ndogo ya kubana mafaili iliyoko karibu kila Linux. Mtunzaji wake alikuwa mmoja, amechoka, anajitolea. Mtu akijiita Jia Tan akamsogelea kwa zaidi ya miaka miwili, anasaidia, anaaminika, akapewa funguo. Kisha akapandikiza mlango wa siri kwenye matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. Aliyeugundua ni Andres Freund, mmoja wa waandishi wa msimbo wa PostgreSQL, aliyeajiriwa Microsoft. Alishangaa kuingia kwenye seva kunachelewa kama nusu sekunde, akafuatilia mpaka akaupata, kabla haujaenea kwenye matoleo thabiti ya Linux yanayotumiwa na wengi. Nusu sekunde! Niliposoma habari ile nilikaa kimya muda mrefu.

Ninachotaka kusema, pale ambapo kila kitu kimemwegemea mtu mmoja mchovu, ndani ya kampuni au huko kwenye mradi wenyewe, hapo ndipo pa kuogopa. Watu wawili ndani, tena watatu, na mkataba wa nje kwa yale yanayowazidi. Mkataba wa nje usiwe mbadala wa kujua.

Bi Takwimu

Mimi niko sekta ya afya, wacha nitoe mfano wa hapa hapa nyumbani.

DHIS2, mfumo wa takwimu za afya ambao wizara zetu Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda zinautumia, ni programu huria iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Oslo. Watu wengi hawajui kwamba sehemu kubwa ya nguvu yake kwetu imetokana na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambao wamekaa na mfumo huu miaka mingi, wakafundisha wa mikoa na wilaya, wakaandika vipande vyao wenyewe. Ripoti ya wilaya ikikataa kufunguka, hatuamshi mtu Oslo. Anaitwa mtu anayeongea Kiswahili, anayejua kituo cha afya kiko umbali gani na mtandao wake ukoje.

Haikujengeka kwa mwaka mmoja, wala bila fedha. Wafadhili walichangia mafunzo kwa muda mrefu. Lakini fedha ile iliishia kwenye vichwa vya watu wa hapa. Kaka, ukirudi kwa menejimenti, waulize fedha ya leseni ya mwaka jana imeacha nini ndani ya jengo.

Mkaguzi Mwandamizi

Nimesoma yote, na nimerudi. Kuna mahali nimebadilika, hasa hilo la CentOS na VMware yakiwekwa ubavu kwa ubavu.

Basi ngoja niseme kama mkaguzi nini kingenifanya nisaini. Nataka kuona orodha ya kila programu huria iliyomo, hata zile ndogo ndani ya nyingine, ili Desemba kama ile isitukute tena tukipapasa. Nataka kujua toleo tulilonalo linatunzwa mpaka lini. PostgreSQL hutoa toleo kubwa kila mwaka na kulitunza miaka 5, hivyo tarehe ya kuhama ijulikane leo na iwe kwenye bajeti. Ukimya ndio unaoua: mtu anasimika, inafanya kazi, miaka saba baadaye bado iko pale pale bila viraka.

Zaidi ya yote nataka kuona zoezi la kurejesha nakala ya akiba lililofanyika kweli, si lililoandikwa. Tarehe, nani alifanya, ilichukua dakika ngapi. Nimekagua taasisi zenye mikataba ya dhahabu ambazo hazijawahi kurejesha nakala hata mara moja.

Na bado naogopa jambo moja. Mkishaokoa fedha ya leseni, fedha ile itachukuliwa. Mwaka wa kwanza mtapewa mafunzo, mwaka wa pili mtaambiwa "si ni ya bure?" Hapo ndipo mtakapoanguka.

Binti Manunuzi

Mkaguzi, hilo la mwisho nimelishuhudia. Dawa yake ni mkataba wa miaka mitatu, usiwe wa mwaka mmoja mmoja, na mafunzo yawe ndani ya mkataba huo huo kama kazi inayolipwa. Mstari wa bajeti ukishafungwa na mkataba, haukatwi kirahisi. Na mleta mada, kwenye tathmini ya wazabuni usiridhike na makaratasi. Waambie waje wakae mbele ya mashine.

Fundi wa Zamu (mleta mada)

MREJESHO

Wakuu, asanteni sana. Wiki tatu zimeisha, nawaletea yaliyojiri.

Nilifuata ushauri wa dada wa manunuzi kama ulivyo. Andiko jipya halisemi tena "kununua hifadhidata". Linasema huduma ya miaka mitatu, na tumeomba nusu ya fedha ya leseni ibaki kwetu: mkataba wa nje, kuajiri watu wawili, mafunzo. Mkurugenzi wa fedha alitaka ibaki robo. Nikamsomea maneno ya Mkaguzi kuhusu mwaka wa pili. Akanyamaza, kisha akasema nusu.

Kabla ya kamati tuliwaomba kampuni mbili zinazotoa huduma hii waje kwa majaribio. Nikaandaa nakala ya mfumo wa stoo, nikairudishia lile lile tatizo letu, diski imejaa kwa sababu ya pacha asiyekuwepo. Sikuwaambia kitu. Kampuni ya kwanza ina jina kubwa na ofisi nzuri. Walileta watu wanne, wakaanza na maelezo ya kampuni, na kwenye mashine mmoja wao akataka kufuta zile faili kwa mkono. Nikamzuia. Ya pili ni vijana watatu, ofisi yao ghorofani Kariakoo. Binti mmoja akaangalia nafasi ya diski, akaorodhesha usajili wa seva pacha, akaona mmoja haufanyi kazi, akauliza: "Hii seva bado mnaihitaji?" Dakika ishirini na tano mfumo ukawa hewani. Kisha akaniambia kikomo hatujakiweka, akanionyesha pa kukiweka.

Yule mama wa fedha alikuwa amekaa nyuma muda wote, nilimwalika mwenyewe. Mwishoni alimwendea yule binti, akaandika namba yake ya simu kwenye shajara yake, akamuuliza usiku huwa anazima simu au haizimi.

Kamati imepitisha stoo na ununuzi kuhamia rasmi mwezi ujao. Mishahara imebaki kulekule kwa mwaka mmoja zaidi, mpaka tufanye zoezi la kurejesha mara nne na kuliweka kwenye faili. La kwanza ni Jumamosi hii. Nitaleta dakika zake hapa.